Alama ya Biashara Dhidi ya Barua Pepe za Kughushi

Barua taka nyingi hubeba uongo wa namna mbili: uongo kuhusu kinachouzwa na uongo kuhusu anayeuza. Uongo wa kwanza una sheria zake za kumlinda mlaji, na ni mkongwe kama soko lenyewe. Wa pili, yaani kujivika jina la kampuni nyingine kwenye mstari wa mtumaji, ndio ulioiingiza sheria ya alama za biashara katika vita ambavyo haikutungiwa. Wingi wa barua, kero yake na gharama yake kwa watoa huduma havimo katika sheria hii. Inachouliza ni kama mpokeaji anaweza kuamini kwamba ujumbe umetoka kwa mwenye jina lililoandikwa, au umetumwa kwa idhini yake.

Urahisi wa kughushi jina hilo unatokana na jinsi barua pepe ilivyoundwa. Itifaki ya SMTP, ambayo maelezo yake yaliandikwa na Jon Postel na kutolewa mwaka 1982, ilikusudiwa watafiti na vyuo vilivyofahamiana. Seva inayopokea huambiwa anwani ya mtumaji na kuikubali kama ilivyoambiwa, bila kudai uthibitisho. Tena anwani ziko mbili: moja husomwa na seva, na ndiyo inayorudishiwa barua zisizofika, nyingine huonyeshwa msomaji, na hakuna kinachozilazimisha zifanane. Kando ya hiyo ya pili hukaa jina la kuonyesha, ambalo mtumaji hulijaza apendavyo. Mtuma barua taka wa miaka ya 1990 alikuwa na faida mbili za kughushi. Alipata imani ya mpokeaji, na, jambo lililomfaa zaidi, aliyaelekeza malalamiko kwa mtu mwingine. Orodha chakavu ya anwani huzaa mafuriko ya barua zilizorudi, na mafuriko hayo humwangukia yule aliyeandikwa kuwa ndiye mtumaji. Mwaka 1997 mahakama ya Texas ilimpa ushindi mwenye kikoa cha flowers.com, aliyerudishiwa maelfu ya barua za tangazo asilolijua. Kesi hiyo ilijengwa juu ya kero na uingiliaji wa mali. Hoja ya alama ya biashara ilikuwa bado haijashika mizizi.

Marekani, ambako kesi nyingi za msingi zilisikilizwa, sheria inayohusika ni Lanham Act ya mwaka 1946. Kifungu chake cha 32 kinalinda alama zilizosajiliwa. Kifungu cha 43(a) kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kinakataza neno, jina au ishara yoyote inayodanganya watu kuhusu asili ya bidhaa au huduma, hata kama alama yenyewe haijasajiliwa. Mwaka 1995 Bunge la nchi hiyo likapitisha nyongeza inayolinda alama mashuhuri zisidhoofishwe: mwenye jina mashuhuri anaweza kushtaki hata pale ambapo hakuna mteja aliyepotoshwa, mradi jina lake linapoteza upekee au linachafuliwa kwa kuhusishwa na mambo ya aibu. Nyongeza hiyo ilikuja wakati barua taka zinaanza kuwa biashara, na mawakili hawakuchelewa kuona inavyoweza kutumika.

Kesi iliyofungua njia ilikuwa ya Hotmail dhidi ya kampuni iliyojiita Van$ Money Pie, katika mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa California. Washtakiwa walikuwa wakitangaza ponografia, programu za kutuma barua kwa wingi na mipango ya utajiri wa haraka, huku anwani za kurudishia zikighushiwa zionekane ni za Hotmail. Walikuwa pia wamefungua akaunti za Hotmail za kupokelea majibu. Aprili 1998 mahakama ilitoa zuio la muda, baada ya kuona kwamba Hotmail ilikuwa na nafasi nzuri ya kushinda kwa hoja ya kudanganya asili na kwa hoja ya kudhoofisha alama, pamoja na hoja za uvunjaji wa mkataba, uingiliaji wa mali na matumizi mabaya ya kompyuta. Mwaka huohuo, huko Virginia, kampuni ya huduma za intaneti ya AOL iliishtaki LCGM, kampuni ya tovuti za ngono, kwa madai kwamba ilituma barua zaidi ya milioni 92 kwa wateja wake, nyingi zikiwa na aol.com kwenye vichwa vya ujumbe. Mahakama ilikubali kwamba herufi hizo ndani ya anwani zinatosha kuwa udanganyifu wa asili, na kwamba jina la AOL lilichafuliwa kwa kuambatanishwa na bidhaa za namna hiyo. Mwaka 2000 wamiliki wa alama ya cars.com nao walipata zuio huko Illinois kwa hoja zilezile.

Hoja ya udanganyifu wa asili katika kesi hizi ina udhaifu ambao majaji waliupita haraka. Msomaji wa tangazo la ngono lenye anwani ya AOL hadhani kwamba AOL imeanza kuuza picha za uchi. Anachoweza kudhani ni kwamba AOL imeruhusu barua hizo au imeshindwa kuzizuia, na hilo ni jambo tofauti na mnunuzi anayechukua kiatu bandia dukani akidhani ni halisi. Mizani ambayo mahakama za Marekani huitumia kupima uwezekano wa kuchanganya watu, kama ufanano wa alama, ukaribu wa bidhaa, uangalifu wa mnunuzi na nia ya mshtakiwa, ilitengenezwa kwa bidhaa zinazoshindania wateja walewale. Hoja ya kuchafua jina inaukaribia ukweli zaidi. Ubaya wake ni kwamba inawafaa wenye majina mashuhuri tu. Duka dogo la mtandaoni ambalo jina lake limeibwa halina umashuhuri wa kuonyesha mahakamani, na limebaki na hoja ile dhaifu.

Pamoja na kasoro hizo, sheria ya alama iliwapa walalamikaji kitu ambacho njia nyingine hazikukitoa. Hoja ya uingiliaji wa mali, iliyoipa CompuServe, mtoa huduma mwingine wa intaneti, ushindi dhidi ya Cyber Promotions, kampuni ya barua taka ya Sanford Wallace, mwaka 1997, ilipunguzwa makali mwaka 2003. Katika kesi ya Intel dhidi ya mfanyakazi wake wa zamani, Mahakama Kuu ya California ilisema kwamba barua pepe zisizotakiwa si uingiliaji wa mali ikiwa hazikuharibu kompyuta wala kuizuia kufanya kazi. Sheria za majimbo dhidi ya vichwa vya kughushi nazo zilikwama. Virginia ilimhukumu Jeremy Jaynes kifungo cha miaka tisa kwa kughushi taarifa za njia ya barua, lakini mwaka 2008 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliifuta sheria yenyewe. Sababu ilikuwa kwamba sheria haikutofautisha tangazo la biashara na waraka wa kisiasa au wa kidini unaotumwa na mtu anayeficha jina, na kuficha jina ni sehemu ya uhuru wa kusema unaolindwa na katiba. Kwa sheria ya alama tatizo hilo ni dogo, maana inahusu matumizi ya kibiashara. Anayejificha nyuma ya jina la kubuni haimgusi. Anayejificha nyuma ya jina la mwingine ili auze kitu, inamgusa.

Sheria ya shirikisho ya CAN-SPAM, iliyoanza kutumika Januari 2004, ilitarajiwa kuzimaliza hoja hizi zote. Iliharamisha vichwa vyenye taarifa za uongo na kutaka kila tangazo liwe na njia ya kujiondoa. Hapohapo iliruhusu barua taka zinazosema ukweli, ikafuta sehemu kubwa ya sheria za majimbo, na haikumpa mpokeaji wa kawaida haki ya kushtaki. Haki hiyo ilibaki kwa serikali na watoa huduma za intaneti. Benki au duka lisilo mtoa huduma, jina lake linapoibwa, hulazimika kurudi kwenye Lanham Act. Ndiyo maana wakili anayefungua kesi ya namna hii huandika sheria zote mbili kwenye hati moja.

Kushinda kesi ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Watuma barua taka wengi hawafiki mahakamani, hukumu hutolewa ya upande mmoja, na fedha haionekani. Mwaka 2005 AOL ilishinda dola milioni 12.8 dhidi ya mtumaji mmoja aliyetoweka. Mwaka uliofuata ikatangaza kwamba ingechimba kiwanja cha wazazi wake huko Massachusetts kutafuta dhahabu iliyodaiwa kufukiwa, kisha ikaachana na mpango huo. Kisa kinachekesha, lakini kinaonyesha ilipo dosari ya kweli. Sheria ya alama hudhania mshtakiwa mwenye jina, duka na akaunti ya benki, na mghushi wa barua pepe hujitahidi asiwe na hata kimoja.

Jaribio la ajabu kuliko yote lilianza mwaka 2002, pale kampuni ya Habeas ya California ilipoigeuza hoja juu chini. Badala ya kungoja jina liibwe, ilitengeneza alama ya kuthibitisha kwamba barua si taka. Ilitunga shairi fupi la mtindo wa haiku, ikaliweka pamoja na alama yake ya biashara katika mistari tisa ya vichwa vya ujumbe, na kuwapa leseni watumaji walioahidi kutotuma barua taka. Vichujio kama SpamAssassin vilifundishwa kuziamini barua zenye mistari hiyo. Mtuma barua taka aliyeinakili angekuwa amevunja kwa pamoja hakimiliki ya shairi na haki ya alama, makosa ambayo mahakama inayajua vizuri na ambayo fidia yake si ndogo. Kesi za kwanza zilifunguliwa mwaka 2003.

Mantiki ya Habeas ilikuwa safi, na ndiyo iliyoiangusha. Mfumo wote ulitegemea hofu ya kushtakiwa, na hofu hiyo ilikuwa kwa watu wenye anwani inayojulikana tu, ambao hata bila alama wasingethubutu kutuma takataka. Kwa anayetuma kupitia kompyuta zilizotekwa za watu wengine, mistari tisa ilikuwa maandishi ya kunakili tu. Majira ya baridi ya 2003 kuelekea 2004 barua taka zenye mistari ya Habeas zilianza kumiminika, na zikapenya kwa sababu vichujio viliambiwa viziamini. Walinzi wa seva wakashusha thamani ya alama hiyo katika vichujio vyao. Habeas ikahamia kwenye orodha za anwani za seva zinazoaminika, jambo linaloweza kuhakikiwa na kompyuta bila kumngoja jaji, na mwaka 2008 ikanunuliwa na Return Path.

Mafanikio makubwa ya sheria ya alama dhidi ya barua taka yalikuja ilipoacha kumtafuta mtumaji na kuanza kutafuta mashine zake. Rustock ulikuwa mtandao wa kompyuta zilizotekwa zipatazo milioni moja, uliokadiriwa kuweza kutuma barua hadi bilioni 30 kwa siku. Nyingi zilitangaza dawa bandia, nyingine zilidai kwamba mpokeaji ameshinda bahati nasibu ya Microsoft. Mwaka mmoja kabla ya kuukabili Rustock, Microsoft ilikuwa imeuzima mtandao mwingine, Waledac, kwa kuomba amri ya kufunga majina ya vikoa yapatayo 277. Mbinu hiyo isingetosha kwa Rustock, kwa sababu kompyuta zake zilikuwa zimeandikiwa moja kwa moja namba za seva za amri. Kufunga vikoa kungewaachia waendeshaji muda wa kuhama. Ilibidi seva zenyewe zikamatwe, tena kwa wakati mmoja.

Lanham Act ndiyo iliyotoa njia. Marekebisho ya mwaka 1984 yanamruhusu jaji, bila upande wa pili kuwapo wala kujua, kuamuru kukamatwa kwa bidhaa bandia pamoja na vifaa vya kuzitengenezea na kumbukumbu za biashara hiyo. Yalitungwa kwa ajili ya maghala ya saa na mikoba ya kuiga. Mawakili wa Microsoft, wakiongozwa na Richard Boscovich aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali, walidai kwamba barua zinazobeba alama za Microsoft kwa uongo ni bandia kama mkoba ulivyo bandia, na seva zinazoziamuru ni vifaa vya kuzitengenezea. Pfizer, ambayo dawa zake ndizo zilizokuwa zikiigwa, ilitoa ushahidi kuhusu hatari ya dawa za namna hiyo, zikiwamo zilizokutwa na viuatilifu na rangi ya barabarani yenye risasi. Mahakama ya Seattle ilikubali. Machi 2011 maofisa wa shirikisho na wataalamu wa kampuni waliingia katika vituo vya seva katika miji saba ya Marekani na kuondoka na diski zake. Rustock ukanyamaza, na kiasi cha barua taka duniani kikashuka waziwazi. Washtakiwa, ambao hawakujulikana kwa majina, waliitwa mahakamani kwa matangazo katika magazeti ya Urusi.

Machi 2012 mbinu hiyo ilirudiwa dhidi ya mitandao ya Zeus iliyoiba nywila za benki. Safari hii Microsoft iliungana na NACHA, chama kinachosimamia malipo ya kielektroniki ya benki za Marekani. Jina la NACHA lilikuwa likitumika katika barua za uongo zilizomwambia mpokeaji kwamba malipo yake yamekwama na afungue kiambatisho. Hapa hoja ya udanganyifu wa asili haikuwa na udhaifu wa kesi za AOL. Mpokeaji aliamini kweli kwamba barua imetoka kwa NACHA, na kuamini huko ndiko kulikomfanya abofye. Barua ya hadaa, tofauti na tangazo la kawaida, haina maana yoyote bila jina la kuibwa.

Swali la haki linabaki. Kampuni binafsi iliingia mahakamani peke yake, ikapata amri kwa siri na kuchukua mali iliyokuwa katika vyumba vya watu wengine, wakiwamo wakodishaji wa seva ambao hawakujua kinachofanyika ndani yake. Sheria inadai dhamana ya fedha na kusikilizwa kwa upande wa pili ndani ya siku chache. Kinga hizo zina maana kwa mwenye duka aliyesingiziwa. Kwa mshtakiwa asiyejulikana ni taratibu za karatasi tu, na nguvu ya kuamua mtandao upi uzimwe na lini inabaki kwa kampuni zenye mawakili wengi.

Wakati mahakama zikifanya hayo, wahandisi walikuwa wakiziba tundu la mwaka 1982. SPF humwezesha mwenye kikoa kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM huambatanisha sahihi ya kidijitali. Na DMARC, iliyochapishwa rasmi mwaka 2015, hudai kwamba matokeo ya angalau moja ya hizo mbili yalingane na anwani anayoiona msomaji, na humwezesha mwenye kikoa kuamuru barua zisizolingana zikataliwe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huzidai zote tatu kwa wanaotuma barua kwa wingi, na kwa Google kizingiti ni takriban barua 5,000 kwa siku. Kughushi anwani halisi ya benki iliyojipanga vizuri kumekuwa kugumu, na walichofanya walaghai kilitarajiwa. Wakahamia kwenye vikoa vinavyofanana na vya benki, herufi moja ikiongezwa au kubadilishwa, na kwenye jina la kuonyesha. Kikoa cha kufanana kinaweza kupita mitihani yote mitatu, kwa kuwa mlaghai ndiye mmiliki wake halali kiufundi. Kwa kufunga mlango mmoja, wahandisi waliwasukuma walaghai kuingia katika uwanja ambao hasa ni wa sheria ya alama, yaani ufanano unaopotosha.

Katika uwanja huo zana ziko mbili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1999 dhidi ya wanyakuzi wa vikoa inatoa fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila kikoa. Pia inaruhusu kukishtaki kikoa chenyewe, kana kwamba ni mtu, mahali lilipo daftari lake. Daftari la vikoa vya .com liko Virginia, kwa hiyo mlaghai aliye popote duniani anaweza kunyang'anywa jina huko bila kupatikana. Zana ya pili ni UDRP, utaratibu wa usuluhishi uliowekwa mwaka huohuo na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa. Mlalamikaji huthibitisha kwamba kikoa kinafanana na alama yake, kwamba aliyekisajili hana haki nacho, na kwamba kimesajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Wasuluhishi wa WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, wamezoea kuhesabu utumaji wa barua za hadaa kuwa nia mbaya, hata kama kikoa hakina tovuti yoyote. Ada ya WIPO kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500, na uamuzi huchukua majuma kadhaa. Kwa mgogoro wa kawaida huo ni wepesi. Kwa barua ya hadaa ni uzito mkubwa, maana kikoa cha muda huweza kumaliza kazi yake kwa siku moja. Tena UDRP haitoi fidia. Hukihamisha au kukifuta kikoa, na mlaghai husajili kingine kwa bei ya soda chache. Dhidi ya jina la kuonyesha haisaidii kabisa, kwa kuwa hapo hapana kikoa cha kunyang'anya.

Ugumu mwingine ni mipaka ya nchi. Alama ya biashara ni haki ya eneo. Iliyosajiliwa BRELA inalinda Tanzania Bara, ilhali Zanzibar ina daftari lake. Iliyosajiliwa KIPI inalinda Kenya. Barua moja ya kughushi yaweza kuandikwa katika nchi moja, kupita kwenye seva ya nyingine na kusomwa katika ya tatu. Katika nchi hizi mwendesha mashtaka hutegemea zaidi sheria za makosa ya mtandao: ile ya Tanzania ya mwaka 2015, yenye kifungu kuhusu ujumbe usioombwa, na ile ya Kenya ya mwaka 2018, inayotaja waziwazi hadaa na unyakuzi wa vikoa. Hizo ni sheria za jinai, na hazimngoji mwenye alama afungue kesi.

Hivi karibuni alama ya biashara imerudi kwenye barua pepe kwa njia inayofanana na Habeas, ila safari hii ikiwa imefungwa kwenye uthibitisho wa kiufundi. Mfumo wa BIMI, ulioanza kutumika kwenye Gmail Julai 2021, huonyesha nembo ya kampuni kando ya barua iliyopita mtihani wa DMARC. Ili nembo ionekane kwenye Gmail, kampuni ilitakiwa kuwa na cheti kinachothibitisha kwamba nembo hiyo ni alama iliyosajiliwa katika mojawapo ya ofisi zinazokubalika, na orodha ya mwanzo ya ofisi hizo ilikuwa fupi, ya nchi chache tajiri na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2023 Gmail iliongeza tiki ya bluu, na Juni mwaka huo mlaghai mmoja akaipata tiki hiyo kwa barua iliyojifanya ya kampuni maarufu ya vifurushi, kwa kupitia udhaifu wa SPF. Google ilijibu kwa kudai DKIM. Mwaka 2024 ikaja aina ya pili ya cheti, kwa nembo ambayo haijasajiliwa lakini imetumika hadharani kwa angalau mwaka mmoja. Nembo yake huonekana, lakini tiki ya bluu imebaki kwa wenye alama iliyosajiliwa.